Vioo vya zamani ndani ya zege jipya: tathmini ya madirisha ya kanisa moja la Dodoma

Kwa nje kanisa hili halina la kumsimamisha mpita njia, kwa kuwa ni jengo la zege na bati kama mengine mengi yaliyoinuka tangu Serikali ihamie Dodoma. Lakini ukuta wake wa mashariki umebeba madirisha matatu ya vioo vya rangi yaliyookolewa kanisa la awali lilipobomolewa, na hayo yanatosha kumtoa mtu Singida aje ayatazame.

Sifa ya kwanza ni ya fundi. Vipande vya vioo vya aina hii hushikanishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji pande mbili, na risasi huchoka baada ya miaka 100 hivi, ikapinda na kuviachia. Fundi ameondoa ile iliyochakaa tu, akalehemu upya maungio na kuongeza vyuma vya kukaza ili uzito usielemee chini. Upande wa nje ameweka kioo kisicho na rangi cha kuzuia upepo na vumbi la kiangazi, akaacha nafasi kati yake na dirisha, pamoja na matundu ya hewa juu na chini. Wengi wangeyaziba matundu hayo kwa kuogopa vumbi, ilhali joto likinaswa humo risasi itaanza kupinda tena.

Asubuhi kabla ya saa tatu, bluu ya kobalti na manjano itokanayo na madini ya fedha humwagika hadi kwenye mabenchi ya katikati, na ibada ya kwanza ndiyo inayofaidi.

Dirisha la nne, kwa maoni yangu, limeonewa. Limetundikwa kwenye ukuta wa ndani na kumulikwa kwa taa nyeupe za umeme, likabaki limepooza kama picha ya kalenda, wakati ukuta wa kaskazini, ambao hapa kwetu huelekea jua la adhuhuri kwa miezi mingi ya mwaka, umeachwa mtupu. Usafi nao unahitaji uangalizi: sura za watakatifu zimechorwa kwa unga wa kioo na oksidi ya chuma uliochomwa tanuruni, na kitambaa kikavu chenye mchanga huzikwangua taratibu, hivyo brashi laini ingefaa zaidi.

Hakuna kiingilio. Siku za kazi mhudumu hufungua mlango mapema, na humruhusu mgeni kukaa mbele bila haraka.