Nusu seti ya gofu kwa wanawake na vijana: inafaa nyanda za juu?

Nusu seti hii ina fimbo sita na mfuko mwepesi wa kusimama kwa miguu miwili: mbao namba 5 (yenye kichwa kinene, ya mipira ya mbali), haibridi namba 5 (mchanganyiko wa mbao na aiani), aiani 7 na aiani 9 (zenye kichwa bapa cha chuma), wedji ya mchanga (ya kuutoa mpira mchangani) na puta (ya kuuviringisha mpira hadi shimoni). Shafti, yaani mipini, zote ni za grafaiti (nyuzi za kaboni) isipokuwa ya puta, na karibu na gripu, pale pa kushikia, zimeandikwa L, alama ya shafti laini za wanawake. Sheria za gofu zinakataza kubeba zaidi ya fimbo 14, lakini hazikulazimishi kuwa na idadi fulani, kwa hiyo sita zinamtosha anayeanza. Hukumu yetu tuitoe mapema: bora kununua hii, hata ya mtumba, kuliko kupewa bure seti kamili ya kiume.

Hiyo ya bure ndiyo inayowafukuza watu uwanjani. Msichana amesikia habari za Madina Iddi, mchezaji gofu wa Tanzania, anakuja na hamu yake, anakabidhiwa fimbo za mjomba zenye shafti za chuma zilizoandikwa S. Shafti ngumu inataka mkono wenye kasi. Kasi isipokuwepo haipindi inavyotakiwa, mpira unaenda chini chini na kukimbilia kulia, na haipiti muda viganja vinaanza kuuma. Kedi, yule mbeba mfuko, naye atamwambia aongeze nguvu! Akiongeza, mambo yanaharibika zaidi, na anarudi nyumbani akiamini gofu si mchezo wake.

Kuzikata si dawa. Shafti ikifupishwa inakuwa ngumu zaidi, na kichwa kinabaki na uzito uleule. Cha aiani 7 ya mwanaume kina gramu 270 hivi, mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka tisa. Kwa vijana tafuta fimbo zilizotengenezwa kwa kimo chao. Kampuni ya U.S. Kids Golf, kwa mfano, hupanga saizi kwa kila inchi 3 za kimo, yaani sentimita 7.6 hivi, kwa hiyo mpime mtoto kwanza ndipo uagize. Usinunue kama unavyonunua sare ya shule kwa hesabu ya "atakua tu". Fimbo ndefu mno inamlazimisha asimame wima, na kila mara anachimba udongo nyuma ya mpira.

Kipimo rahisi cha urefu ni sarafu. Mchezaji asimame kama anayetaka kupiga kwa aiani 7, kitako cha kichwa cha fimbo kikiwa sakafuni. Sarafu ya shilingi mia ikipenya chini ya ncha ya mbele ya kichwa, fimbo inamfaa. Vikipenya vidole viwili, ni ndefu kwake. Kwa gripu, aishike kwa mkono wa kushoto: kidole cha kati na cha pete viguse kwa shida nyama ya chini ya dole gumba. Pakibaki nafasi, gripu ni nene. Makosa haya yamejaa kwenye fimbo za kiume.

Seti haina draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, na kwa Mbeya hilo linapata alama nzuri. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mufindi kwenye mashamba ya chai ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, hivyo mpira uliopigwa sawasawa unaweza kwenda mbali kuliko Dar es Salaam kwa asilimia 6 hivi. Lakini faida hiyo ni ya anayeuinua mpira. Hewa nyepesi haiubebi, kwa hiyo ukitoka chini unaanguka mapema. Draiva ya kiume ambayo uso wake umelala digrii 9 au 10 tu mikononi mwa anayeanza ni kupoteza mipira tu. Mbao namba 5, yenye digrii 18 au 19, inauinua yenyewe, hata bila tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Haibridi nayo inapita kwenye nyasi ndefu bila kujisokota, na ndiyo fimbo tuliyoipenda kuliko zote humu.

Mipira haiuzwi pamoja na seti. Chagua laini, hasa kwa asubuhi za Juni na Julai, maana baridi inaufanya mpira uwe mgumu na kupunguza umbali. Wa akiba uweke mfukoni mwa suruali. Kuupasha kwenye jiko ni kuvunja sheria, na wapo wanaojaribu.

Ukinunua ya mtumba, iwe soko la Mwanjelwa au kwa mtu, angalia ile pete nyeusi ya plastiki pale shafti inapoingia kwenye kichwa. Ikiwa imepanda na kuacha mwanya, huenda gundi imeanza kuachia. Shika kichwa, kizungushe kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, usinunue, kwa sababu siku kitakapochomoka kitaruka kuelekea kwa watu. Pitisha kucha kwenye shafti ya grafaiti kutafuta ufa. Gripu inayoteleza ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi. Ikibaki ngumu kama plastiki, badilisha, la sivyo kwenye ukungu wa Mufindi fimbo itamtoka mkononi.

Kasoro kubwa ya seti ni pengo kati ya aiani 9, yenye digrii 42 hadi 44, na wedji ya mchanga ya digrii 56. Mipira ya kama mita 50 au 60 inamsumbua mchezaji: ya 9 inapitiliza, ya mchanga haifiki. Kwa hiyo fimbo ya saba kununua iwe wedji ya digrii 46 hadi 48, kabla hata ya kuiwaza draiva. Mfuko nao mara nyingi hauna kofia ya mvua, jambo la kuuliza dukani kabla ya Novemba.

Tangu 2020 handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji, ya juu kabisa ni 54 kwa wanawake na wanaume sawasawa, na ya kwanza inapatikana kwa kadi za mashimo 54, hata ukiyacheza tisa tisa. Fimbo hizi sita zinatosha kuzijaza zote.