GPU gani ununue kama pawa saplai ya kompyuta yako ni ndogo

GPU ni ile kadi inayochora picha za gemu na video kwenye skrini. Kabla hujaangalia jina la kadi yoyote, fungua kesi usome stika iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Ile namba kubwa ya wati achana nayo kwanza, tafuta mstari wa +12V maana GPU na prosesa vinakula hapo, chukua ampea zake zidisha kwa 12 ndo unapata wati unazoweza kuzitegemea. 12V yenye ampea 18 ni wati 216, hata kama juu pameandikwa 400 kwa maandishi ya dhahabu, na hizo za dhahabu ziko kibao.

Alafu angalia kama kuna kebo ya pini 6 au pini 8 ya kulisha GPU umeme imekaa tu haina kazi. Kompyuta za ofisini zile nyembamba, kina Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, mara nyingi hazina hiyo kebo kabisa, na kubadilisha pawa saplai nako ni shughuli sababu nyingi zina umbo lao na plagi zao ambazo pawa saplai za kawaida haziingii. Kama hiyo ndo hali yako basi umeme wote wa kadi utatoka kwenye sloti ya PCIe x16, ile nafasi ndefu ya kwenye bodi inapochomekwa GPU, na sloti mwisho wake ni wati 75. Baadhi ya hizo kesi nyembamba zinatoa hata chini ya hapo, kwa hiyo tafuta maelezo ya modeli yako kabisa, usiende na ya ndugu yake anayefanana naye.

Kuna watu watakwambia nunua adapta ya kutoa SATA, ile plagi ya umeme wa diski, kwenda pini 8 mambo yaishe. Usifanye. Plagi ya SATA ina pini 3 za 12V na kila pini ni ampea 1.5, jumla wati 54, sasa pini 8 ya GPU inaruhusiwa kuvuta mpaka 150, hiyo tofauti itatoka wapi? Itatoka kwenye waya kuchemka na plastiki kuyeyuka, na vinaweza kuungua vingi kuliko adapta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pawa saplai ya wati 240, prosesa ya wati 65, kadi ya wati 70, bodi na RAM na SSD na feni wape 40, umefika 175 na bado unapumua. Ila prosesa mpya zinadanganya kidogo, i5-12400 ya Intel kwa mfano imeandikwa wati 65 lakini ikibanwa inaruhusiwa kupanda mpaka 117, kwa hiyo piga hesabu na namba ya juu.

Sasa kwa wasio na kebo, mimi nazipanga hivi.

Namba 1 ni RTX 3050 ya Nvidia yenye memori ya 6GB, wala siumizi kichwa. Wati 70, matoleo mengi hayana plagi ya ziada, yapo ya kimo kifupi kwa kesi nyembamba, draiva (programu za kuiendesha kadi) bado zinakuja, na DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwenye gemu, unayo. Imetoka 2024 na inaipita GTX 1650 bila kelele. Lakini fungua macho hapa, kuna RTX 3050 ya 8GB ambayo ni kadi nyingine kabisa, ile ilitoka na wati 130 na inataka plagi yake, na wauzaji wengi wanaandika "RTX 3050" tu basi. Uliza GB, alafu uliza picha ya upande wa juu wa kadi uone kama kuna tundu la plagi.

Namba 2 ni RTX A2000, hii ni kadi ya maofisi na wachora ramani za majengo lakini gemu inacheza vizuri tu, tena ina nguvu kuliko hiyo niliyoiweka namba 1. Wati 70, kimo kifupi, haina plagi, ipo ya 6GB na ya 12GB. Nimeishusha sababu mpya ina bei ya kiofisi, na matundu yake yote 4 ni mini DisplayPort kwa hiyo utahitaji adapta ya monita. Ukiipata yuzdi kwa bei inayokaribiana na 3050, chukua hii usigeuke nyuma.

Namba 3 GTX 1650. Ya 2019, 4GB, wati 75, imezeeka lakini haina makuu na bado inapata draiva. Kuna matoleo yenye memori ya aina ya GDDR5 na yenye GDDR6, chukua ya GDDR6 ukiweza, na kuna matoleo yamewekewa pini 6 kwa hiyo hapa pia picha ni lazima. 4GB kwa gemu mpya ni kubana, utashusha mipangilio.

Namba 4 RX 6400 ya AMD, na hii ina masharti. Wati 53 tu, kuna matoleo membamba yanayokaa sloti moja, kwa umbo hakuna inayoshinda. Tatizo inatumia njia 4 tu za PCIe, kwenye bodi ya PCIe 4.0 haijali, lakini kwenye 3.0 njia zinakuwa finyu na fremu zinaanguka hasa 4GB zikijaa. Na hizo kompyuta za ofisini zenye Intel ya kizazi cha 10 kushuka chini zote ni 3.0 au chini ya hapo, yaani wale wale wanaoihitaji zaidi ndo inawaangusha. Pia haina enkoda ya video, yaani kifaa cha kubana video wakati wa kurekodi, kama unarekodi gemu au unapiga laivu iruke.

Kama kazi yako kubwa ni video na si gemu, angalia Intel Arc A310 au A380, enkoda yake ya AV1 (muundo wa kubana video) ni tamu sana kwa kadi za kundi hili. Ila inataka Resizable BAR, mpangilio wa bodi unaoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa pamoja, bila hiyo kwenye gemu inachechemea, na A380 nyingi zimewekwa plagi. Na kama sloti yako ni ya wati 50 basi kuna T1000 ya Nvidia, wati 50 kamili, nyembamba, ukoo mmoja na GTX 1650.

GTX 750 Ti, 1050 Ti na GT 1030 ningekwambia ziache, labda uzipate karibu na bure. Nvidia walifunga draiva za gemu za koo hizo Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. Na GT 1030 ya DDR4 hata ya bure fikiria mara mbili, kasi ya memori ni 16.8 GB kwa sekunde wakati dada yake wa GDDR5 ana 48, jina lile lile.

Wenye kebo ya pini 8, dunia yenu ni nyingine. RTX 4060 ni wati 115, RX 6600 ni 132, zote 8GB. Kwa pawa saplai ya kubana mimi naenda na 4060 sababu inafanya zaidi kwa umeme mdogo, ila RX 6600 yuzdi kwa kawaida ni rahisi zaidi na si mbaya hata kidogo. AMD wanashauri pawa saplai ya wati 450 kwa 6600, Nvidia 550 kwa 4060. Namba hizo wameziwekea nafasi kwa ajili ya pawa saplai mbovu na prosesa zenye njaa, kwa hiyo wati 400 za kampuni inayoeleweka pamoja na i5 ya kawaida zinatosha, zile wati 400 za maandishi ya dhahabu nilizozitaja kule juu hapana. Ukitaka kujihakikishia shusha pawa limiti (kikomo cha umeme wa kadi) kwa programu ya MSI Afterburner na ufunge fremu kwenye 60, kadi itakula kidogo na feni zitanyamaza.

Ukishaifunga, cheza gemu nzito nusu saa kabla hujatupa boksi. Kompyuta ikizima ghafla au ikijiwasha upya pale tu gemu inapokolea, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Na kwa yuzdi endesha GPU-Z, programu ya kutambua kadi, mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, kuna kadi za kizamani zimebadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijiite 1050 Ti, na hiyo programu nyingi inazishika na kuandika FAKE mbele ya jina.