Mafunzo ya slaidi Langoni: yanafaa, ila uliza habari za kompyuta kwanza

Kwa mwenye haraka: kama kazi yako inakusimamisha mbele ya watu, uwe mwalimu, mhudumu wa afya, katibu wa kikundi au muongoza watalii, haya mafunzo ya wikendi ya kutengeneza slaidi, zile kurasa za kurushwa ukutani kwa projekta, yanafaa. Nililipa Sh1,500, chai na mahamri humo humo. Jina la mahali silitaji kwa sababu nina malalamiko nao na mji wetu ni mdogo. Ni chumba cha juu cha saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, upande wa Langoni hapa mjini Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe, na Waamu watakaosoma hapa wameshapajua.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi. Zamani kazi ya katibu ilikuwa kalamu na daftari la mahudhurio. Siku hizi akija afisa wa kaunti au mfadhili, kabla hata ya kunywa maji anauliza kama tuna slaidi. Safari hii tulikuwa na jambo zito zaidi la kuwaeleza wavuvi wenyewe: kufunga kipande cha mwamba miezi 4 pasivuliwe pweza, ili waliopo wakue. Ukitaka kumwambia mtu asikanyage mwamba aliofundishwa na babake, jiandae vizuri.

Kipindi cha kwanza hakuna kompyuta iliyowashwa. Mwalimu, kijana mpole anayepiga pasi shati mpaka linasimama lenyewe, aligawa karatasi tupu akasema kila mtu aandike sentensi moja tu: watu wakishatoka mkutanoni, unataka wawe wanazungumza nini njiani? Manung'uniko yakaanza. Dada mmoja aliyekaa karibu nami, mwalimu wa chekechea, alisema waziwazi kwamba kalamu anaijua tangu utotoni, hela yake ameitoa kwa ajili ya kompyuta.

"Dada yangu, kompyuta haina miguu, haitakimbia," kijana akamjibu.

Nakwambia, hicho ndicho kipindi kilichorudisha pesa yangu. Mhudumu mmoja wa afya ya jamii aliandika "Umuhimu wa chanjo kwa watoto". Mwalimu akaisoma kwa sauti, kisha akamuuliza: sasa mama akifika nyumbani atamwambia nini bibi yake mtoto? Yule bwana akafuta, akaandika, akafuta tena. Mwisho ikawa: "Mtoto akifika miezi 9 na miezi 18, mlete achanjwe surua." Hiyo mtu anaondoka nayo. Yangu mimi ikawa: "Tukiuacha mwamba huu miezi 4, pweza tutakaowakuta watakuwa wazito kuliko wa leo."

Kutoka hapo tulifundishwa kwamba kila slaidi nayo iwe na sentensi yake kamili pale juu, badala ya yale maneno ya mazoea: Utangulizi, Changamoto, Mapendekezo. "Changamoto" haisemi kitu. "Pweza tunaowatoa sasa wengi hawajazaa hata mara moja" inasema. Chini ya sentensi hiyo unaweka kitu cha kuithibitisha, picha au chati, si orodha nyingine ya maneno. Ukimaliza, unasoma vichwa peke yake kuanzia juu hadi chini. Vikisomeka kama mazungumzo ya mtu mwenye akili zake, kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Programu zote mbili tulizotumia, Impress na PowerPoint, zina mwonekano unaoonyesha vichwa na maandishi tu bila mapambo, na huo ndio niliokuwa nao wazi muda mwingi.

Mtu akauliza kama hayo si mambo ya urembo tu. Mwalimu akasimulia kisa cha Columbia, chombo cha anga cha Marekani kilichosambaratika kikirudi duniani tarehe 1 Februari 2003, watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Wakati wa kuruka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado huko juu, wahandisi walitengeneza slaidi kuwaeleza wakubwa wao kiasi cha hatari. Moja ya slaidi hizo ilikuwa na kichwa cha kutuliza moyo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndani ya nukta iliyofichwa chini ya nukta nyingine, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kile kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920 ilhali jaribio walilokuwa wakilitegemea lilifanywa kwa kipande cha inchi za ujazo 3. Tume ya uchunguzi iliizungumzia slaidi hiyo katika ripoti yake ya mwaka huohuo. Sisemi slaidi ndiyo iliyoangusha chombo. Bawa lilitoboka kabla. Lakini habari kubwa kuliko zote ilikuwa imeandikwa mahali ambapo jicho hufika likiwa limechoka. Mwalimu wa chekechea hakuuliza tena kompyuta zinawashwa saa ngapi.

Zilipowashwa, ndipo balaa. Nusu yao hazikufika popote, zikawa zinazunguka duara tu, na sisi tukabanana wawili watatu kwa kibodi moja. Hili ni lalamiko langu la kwanza na ndilo kubwa. Ukipokea pesa za watu wote hao, hesabu kwanza mashine zinazofanya kazi.

Programu ya kufundishia ni Impress, iliyo ndani ya kifurushi cha programu za ofisi kiitwacho LibreOffice, kwa sababu ni ya bure na haidai ununue leseni. Baadaye tukaonyeshwa PowerPoint, maana ndiyo utakayoikuta maofisini. Hii PowerPoint ina umri mkubwa kuliko mwalimu wetu: ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ya Forethought, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Wakati ule ilikuwa ya kuchapa zile karatasi za plastiki za kumulikwa na taa ukutani. Kwa mtu anayeanza, tofauti ya hizi mbili ni ndogo. Tahadhari moja tu: faili ukilitengeneza kwa moja ukalifungua kwa nyingine, herufi zinaweza kubadilika na mistari ikasogea, kwa hiyo hifadhi pia nakala ya PDF kwenye flashi. PDF haisogei.

Kitu nilichokipenda upande wa programu ni slaidi mama. Unaingia kwenye slaidi hiyo moja, unachagua aina ya herufi, ukubwa, rangi na mahali pa nembo ya kikundi, na slaidi zote zinafuata. Nimeona watu wakibadilisha herufi slaidi moja moja mpaka usiku wa manane, na ndani ya kila slaidi nembo imekaa pembe tofauti. Pia chagua umbo la slaidi kabla ya kuanza. PowerPoint tangu toleo la 2013 hukupa umbo pana la 16 kwa 9, lakini projekta nyingi za kuazima huku kwetu ni zile za zamani za 4 kwa 3, na slaidi pana ikirushwa humo inabaki ukanda katikati, giza juu na chini.

Sasa mwanga. Hapa natamani wangetumia siku nzima, kwa sababu ndilo tatizo la pwani. Mikutano yetu ni ya mchana, madirisha wazi kwa sababu ya joto, na skrini mara nyingi ni ukuta uliopakwa chokaa. Mwalimu alifungua slaidi yenye mandhari ya buluu iliyokoza na maandishi ya manjano, ile wanayoipenda wengi, kisha akamwambia mtu afungue dirisha. Slaidi ikafifia ikawa kama shati lililofuliwa mara mia. Sababu yake ni rahisi: projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Panapotakiwa kuwa peusi haimwagi mwanga, basi, na ukuta wako ukishamwagiwa jua, weusi huo unakuwa rangi ya ukuta. Akabadilisha: mandhari meupe, herufi nyeusi nene. Zikasomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mandhari ya giza yana mahali pake, chumba kilichofungwa mapazia, na mimi sijawahi kufanya mkutano katika chumba kama hicho.

Kuhusu ukubwa wa herufi alitupa kanuni ya Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani: slaidi 10, dakika 20, herufi zisipungue ukubwa wa 30. Hiyo 30 naikubali kwa mikono miwili. Zile dakika 20 azipeleke kwao. Wavuvi wa Amu hawasubiri mwisho ndipo waulize. Slaidi ya pili mtu ameshasimama, ya tatu wamesimama wanne na wawili kati yao wanajibizana wao kwa wao.

Ndiyo maana kitufe cha B kwangu ni bora kuliko mapambo yote ya programu. Ukiwa umefungua onyesho, bonyeza B, ukuta unakuwa mweusi. Watu wanaacha kutazama picha, wanakutazama wewe na aliyeuliza. Ukimaliza, bonyeza tena, slaidi inarudi. W inafanya hivyo hivyo kwa weupe. Katika PowerPoint ukiandika namba ya slaidi ukabonyeza Enter, unaruka moja kwa moja hadi hapo, bila kuwarudisha watu nyuma slaidi moja moja mbele ya macho yao. F5 inaanza mwanzo, na Shift pamoja na F5 inaanza hapo ulipo. Nimeviandika kwenye kikaratasi nikakibandika chini ya skrini ya laptopu.

Chati tulipitia haraka, na kwa haki, hakuna mengi: chati moja, jambo moja, toa ule unene wa kubuni wa pande tatu, na usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha vitu kwa sababu wako wanaume wasiozitofautisha rangi hizo. Picha tumia zako za simu. Zikifanya faili liwe zito, iko amri ya kuzibana, na kwa projekta kipimo cha nukta 150 kwa inchi kinatosha sana.

Siku ya pili, baada ya chakula, mafunzo yakapotea njia. Muda mrefu ukaenda kwenye herufi zinazoruka, slaidi zinazogeuka na sauti ya makofi. Vijana walifurahi. Mimi nilikuwa nangojea habari ya waya, na haikuja. Hakuna aliyetuambia kwamba projekta za zamani zina tundu la VGA na laptopu mpya zina HDMI au hilo tundu dogo la mviringo tu, kwamba unahitaji kiunganishi, na kwamba ukikikosa slaidi zako nzuri zinabaki kwenye laptopu. Hakuna aliyezungumzia stima kupotea. Na zile karatasi za mafunzo walizotugawia zilikuwa fotokopi za slaidi za rangi, chati zimekuwa madoa ya kijivu. Watu wanaofundisha kusomeka!

Mkutano wetu wa mwamba nilienda na slaidi 7. Mzee mmoja wa mbele alisema, "Mwanangu, mato yangu leo yameona mpaka kule mwisho," na mimi nikajua ile 30 imefanya kazi. Kisha akasimama kupinga sentensi yangu kwa nguvu zote, akitaka kujua miezi hiyo 4 ataishi kwa nini, maana kusi ikishavuma vyombo vidogo haviendi mbali na mwamba ndio riziki. Nikabonyeza B. Mabishano yalichukua saa nzima ukuta ukiwa mweusi, na kufikia mwisho wake walikuwa hawabishani tena kama tufunge au tusifunge. Walikuwa wanagombana tufunge kipande kipi na tuanze lini. Slaidi tatu za mwisho sikuzionyesha kabisa, na hakuna aliyeziulizia.

Kwa hiyo nani aende? Anayeanza kabisa, na anayetengeneza slaidi tayari lakini anazisoma neno kwa neno akiwapa watu mgongo. Anayetaka mambo makubwa ya video na michoro atachoka mapema. Mpigie mwalimu simu kabla ya kulipa, umuulize kompyuta ngapi zinawaka na mko wangapi. Kama una laptopu yako ibebe, na ubebe na kamba ndefu ya stima, maana soketi za chumba kile ni za kugombaniwa.