Gari langu liligongwa likiwa limepaki, aliyegonga akakimbia: uzoefu wangu na bima kubwa

Nimelipa bima kubwa (comprehensive, inayotengeneza hata gari lako mwenyewe) miaka minne bila kudai hata senti. Kila mwaka ukifika mwezi wa kulipa, mume wangu ananiuliza kwa nini tusirudi bima ndogo, na hesabu yake haina makosa. Bima ndogo (third party) ya gari binafsi tulikuwa tukiilipia 118,000 pamoja na VAT. Gari letu, Toyota IST, limethaminiwa milioni 14, na kwa asilimia 3.5, ukiweka VAT juu yake, inafika 578,200. Kwa nyumba yetu tofauti hiyo ni kitu kikubwa. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimeitumia, na kwa kuwa watu wengi wameniuliza kama inalipa kweli, naandika yote yaliyonikuta, mazuri na mabaya. Kampuni siitaji.

Ilikuwa Jumamosi, tuna msiba Sinza, Dar es Salaam. Turubai limefungwa katikati ya mtaa, kwa hiyo tuliokuja na magari tukapaki mtaa wa nyuma, ubavuni mwa ukuta, mmoja nyuma ya mwingine. Nililisogeza gari hadi kati ya kioo cha pembeni na ukuta ikabaki nafasi ya kiganja. Nikashuka, nikaangalia kama gari lingine linaweza kupita. Linapita bila shida. Tuliporudi kutoka makaburini nikaenda kuchukua maji ya kunywa kwenye gari, nikakuta watoto watatu wamesimama wanaliangalia.

Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa umebonyea ndani. Mchubuko ulianzia chini kidogo ya kitasa, ukanyooka kwenda nyuma kwenye madigadi, ukaishia kwenye taa, na taa yenyewe ilikuwa vipande vyekundu kwenye mchanga. Gari langu ni la bluu. Ndani ya mchubuko ule kulikuwa na unga mweupe wa rangi ya gari lingine, ukipitisha kidole unabaki nao. Nilitafuta karatasi kwenye waipa, nikaangalia hata chini ya gari labda imepeperuka. Hakuna.

Shemeji yangu akasema niliondoe, giza linaingia. Mzee mmoja wa pale jirani, aliyekuwa ameketi kibarazani, akamkatiza: "Mwanangu, usilisogeze hilo gari. Piga picha kwanza, halafu nenda kituoni." Namshukuru mzee yule mpaka leo. Nilipiga picha za karibu na za mbali, nikahakikisha ukuta unaonekana, namba ya gari inaonekana, na vipande vya taa vinaonekana vilipoangukia. Fundi cherehani wa jirani akaniazima futi, nikapima kimo cha mchubuko kutoka ardhini na kupiga picha futi ikiwa imesimama pale pale. Wakati huo sikujua kama itasaidia. Ilisaidia.

Kwenye kona kuna duka la Mangi lenye kamera inayotazama mtaa. Nilimsalimia, nikamweleza, na hakusita hata kidogo. Tulirudisha picha nyuma hadi saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kirikuu nyeupe, kile kigari kidogo cha mizigo, imepakia viti vya plastiki, inarudi nyuma ili igeuze. Kona ya bodi yake inaingia kwenye mlango wangu, inasimama, halafu dereva anaivuta mbele na kuuchana mlango mpaka kwenye taa. Anashuka. Anatazama mlango wangu, anapitisha kiganja juu yake, anaangalia mtaa huku na huku. Kisha anapanda na kuondoka. Namba ilikuwa nyeupe, ya gari la biashara, lakini kwa ile pembe ya kamera tulisoma T ya mwanzo na herufi ya mwisho tu. Nilirekodi skrini ya Mangi kwa simu yangu hapo hapo, maana kamera nyingi za madukani hufuta zenyewe picha za zamani zikijaa. Ukikutwa na jambo kama hili usiseme utarudi kesho.

Kile kiganja juu ya mlango wangu ndicho kilichoniuma kuliko mlango wenyewe. Aliona. Na Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva aliyegonga asimame na ajitambulishe. Lakini hata tukiiacha sheria pembeni, gari lile kama lilikuwa na bima ndogo, basi bima hiyo ipo kwa ajili ya hasara kama hii hasa, hasara unayomsababishia mtu mwingine. Angesimama, tungeandikishana polisi, na kampuni yake ndiyo ingebeba mlango wangu. Ningekuwa na namba kamili hata yeye asingekuwepo, ningeingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, niingize namba, nione ana bima ya kampuni gani, niende nayo. Watu hawajui hili. Wanakimbia wakidhani watauza shamba kumlipa mwenye gari.

Na hapa ndipo bima kubwa inapotofautiana na ndogo. Kwa bima ndogo peke yake, aliyekugonga akitoweka umebaki na mlango wako. Bima yako ndogo haikutengenezei gari lako, inawatengenezea wengine.

Kituoni walinipokea vizuri. Nilimsimulia afande, nikaandika maelezo, nikapewa RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), na trafiki akaja kuchora mchoro kabla sijaliondoa gari. Baadaye gari likakaguliwa. Ripoti kamili niliipata siku ya sita. Waliniambia wazi kwamba bila namba kamili kumpata ni kazi ngumu, na hadi leo hajapatikana. Usichanganye karatasi: PF3 ni ya mtu aliyeumia, na ile taarifa ya mtandaoni ya vitu vilivyopotea haihusiani na ajali. Kinachotakiwa ni ripoti ya trafiki.

Sasa kampuni yenyewe. Nilipiga simu Jumapili asubuhi, na kijana aliyepokea akaniambia dai halifunguliwi bila namba ya gari lililonigonga. Nikamuuliza mara mbili, akarudia vile vile. Nilikata simu nimeishiwa nguvu, nikawaza miaka minne ya kulipa bima kubwa. Jioni nikatoa sera yangu, yaani mkataba wa bima, kwenye faili, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa, kitu ambacho nakiri sikuwahi kukifanya. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Kilichoandikwa ni kwamba nitoe taarifa kwao mapema, niripoti polisi, na nisitengeneze gari kabla halijakaguliwa. Jumatatu nikampigia dada aliyenikatia bima, wakala wetu, nikamsomea kifungu. Akasema, "Dada yangu, uko sahihi, lete fomu leo." Kwa saa ishirini na nne nilikuwa nimeaminishwa kwamba sina haki, na nina hakika wapo waliokata simu ile na hawakupiga tena. Hili ni kosa kubwa la kampuni, na nimewaandikia barua. Kama wangeendelea kukataa, ningekwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ipo kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi ya gari, ripoti ya polisi, picha, na makisio ya gereji. Asesa, mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima, alikuja siku ya nne. Kaka mtulivu, alizunguka gari, akatazama ile picha ya futi, akasema kimo kile kinaoana na bodi ya kirikuu kwenye video, na kwamba ushahidi kama ule unamwondolea mashaka kwamba pengine mwenye gari kajigonga mwenyewe kwenye geti lake. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kunidhania hivyo.

Makisio ya gereji yalikuwa 950,000, ndani yake mlango mwingine, used kutoka Japan. Asesa akapitisha 820,000: mlango unyooshwe, usibadilishwe. Katika sera yangu kuna kiasi ninachochangia mwenyewe kwa kila dai, asilimia 10 ya dai, lakini si chini ya 200,000. Kwa hiyo kampuni ililipa gereji 620,000 na mimi nikalipa 200,000. Kiasi hiki ndicho wauzaji hawakitaji kwa sauti. Mkwaruzo wa kawaida wa laki na nusu unautengeneza mwenyewe, usipoteze muda kudai.

Niligomba kidogo kuhusu mlango. Fundi bodi akaniita, "Mama, njoo uone." Alikuwa ameshatoa kitambaa cha ndani, akanionyesha bati kwa nyuma: limebonyea lakini halijachanika, na ule mkunjo wa chini uko salama. Akaniahidi atalinyoosha mpaka puti, ule udongo wa kusawazishia bati, iwe nyembamba kama karatasi, kwa sababu puti nene ndiyo inayopasuka baada ya mvua mbili tatu. Nilirudi kabla ya rangi, akanipa sumaku ndogo nipitishe mwenyewe. Panapokuwa na puti nyingi sumaku haishiki. Ilishika mlango mzima isipokuwa sehemu moja ndogo karibu na kitasa, akaikwangua na kuirudia mbele yangu. Omba kufanya hivyo kabla rangi haijapigwa, maana ikishapigwa kila mlango unapendeza.

Kutoka siku ya msiba hadi kurudishiwa gari zilipita wiki nne na siku mbili, na zote nilipanda daladala kwa sababu sera yangu haitoi gari la kutumia wakati lako liko gereji. Taa waliyoweka ni used, inafanya kazi, ila wekundu wake umefifia kidogo ukilinganisha na ya kushoto. Mlango umepita mvua za masika zote na haujapasuka.

Mwezi uliopita nimelipia tena bima kubwa, kampuni ile ile, kupitia wakala yule yule. Punguzo la kutokudai limeondoka, na nililijua hilo kabla sijadai. Mume wangu safari hii hakuuliza. Kwa gari kama letu, linalolala ndani lakini mchana linapaki popote Dar, nitaendelea kulipa. Kwa gari la milioni nne au tano ningefikiri mara mbili, kwa sababu mchango wako kwenye dai unaweza kubaki ule ule laki mbili hata kama gari ni la bei ndogo. Muulize wakala kiasi hicho kabla hujalipa, na akuonyeshe kilipoandikwa.