Programu ya watoto wenye vipaji shule za umma: nyota tatu

Naipa nyota 3 kati ya 5. Upimaji wao uko vizuri, wanatumia CogAT, mtihani wa uwezo wa kufikiri kwa maneno, namba na maumbo, na wanapima darasa zima sio wale tu waliopendekezwa na mwalimu, hii ni kubwa jamani maana mtoto mkimya au anayejifunza lugha mpya huwa anapitwa kirahisi sana. Hapo hongereni.

Shida ni kinachofuata. Mtoto anatolewa darasani mara moja kwa wiki, anakutana na wenzake wanapewa mafumbo magumu, anarudi amechangamka kweli, halafu siku zingine zote anarudia hesabu anazozijua toka mwaka jana na akimaliza mapema anaongezewa zilezile, yaani zawadi ya kuwahi ni kazi zaidi 😂 kwani kipaji kinakuja siku moja tu?

Kilichoniokoa ni mwalimu wa hesabu, huyu anampima kabla ya kuanza mada, akikuta anaijua anamruhusu airuke na muda huo anafanya Alcumus, mazoezi ya hesabu ya mtandaoni ya Art of Problem Solving, ni bure na maswali yanazidi ugumu kadiri anavyopatia. Kumrusha mtoto mwaka mzima aende darasa la juu uongozi unaogopa, eti atakosa marafiki, wakati tafiti nyingi zinaonyesha wanaorushwa kwa kawaida wanafanya vizuri tu. Wazazi ombeni apandishwe darasa la juu kwa somo moja tu kwanza, hilo hawabishi sana.