Riwaya za vita: ipi uanze nayo, ipi isubiri, na toleo gani ulilipie

Kemmerich amelala kitandani, mguu umekatwa na mwenyewe hana habari. Rafiki yake Müller amekuja kumjulia hali, lakini jicho halibanduki kwenye viatu vya mgonjwa: viatu vya Kiingereza, ngozi laini ya manjano, vinafika magotini. Müller si mtu mbaya. Vyake ni vibovu, na muda si mrefu atarudi mahandakini. Viatu vile vitahama kutoka miguu ya huyu kwenda ya yule, na kila vinapohama msomaji anajua kuna mtu kafa.

Hapo ndipo nilipopata mizani yangu ya riwaya za vita. Sitazami jalada lenye moto na helikopta, wala sihesabu mwandishi kataja aina ngapi za bunduki. Natazama kama anajua viatu. Yaani anajua uzito wa mzigo mgongoni, foleni ya chakula, kusubiri kusikoisha, luteni mgeni asiyejua kusoma ramani. Anayeyajua hayo, hata mapigano yake utayaamini. Orodha hii nimeipanga hivyo, basi usishangae kukuta kitabu kinene kinachosifiwa na kila mtu kimekaa chini ya chembamba. Na toleo nitalitaja pale lenye umuhimu, maana kwenye vitabu vya kutafsiriwa mtu huchagua kitabu kizuri kisha akanunua nakala mbaya.

1. All Quiet on the Western Front, Erich Maria Remarque

Ndicho chenye viatu vile. Kilitoka Ujerumani kama kitabu mwaka 1929, na mwaka 1933 Wanazi wakakitia moto hadharani. Remarque alipelekwa mstari wa mbele wa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, akajeruhiwa, na inaonekana. Tazama anavyoanza: kombania ya watu 150 ilikwenda mbele, wamerudi 80. Mpishi alishapika chakula cha watu 150. Askari wanafurahi, kila mmoja atakula sehemu mbili, na mpishi anabisha kwamba hawezi kugawa chakula cha watu ambao hawapo. Sijaona aliyeieleza hesabu ya vita vizuri kuliko sufuria lile.

Ukinunua kwa Kiingereza utakutana na tafsiri mbili. Ya A. W. Wheen ni ya mwaka ule ule wa 1929. Lugha yake imezeeka kidogo ila ina mwendo wake. Ya Brian Murdoch, ya miaka ya 1990, ni nyepesi na askari wanaongea kama askari. Mimi ninayo yote mawili, lakini ninayemwazima mtu ni Murdoch. Jihadhari na nakala kuukuu za Kimarekani: toleo la kwanza la huko lilipunguzwa sehemu zilizoonwa chafu, na sehemu hizo ni miongoni mwa zile zinazowafanya vijana wale kuwa watu.

2. The Sorrow of War, Bao Ninh

Wengi tumejaa Vietnam ya Wamarekani vichwani. Huyu alipigana upande wa Kaskazini, katika kikosi cha vijana 500 walioondoka mwaka 1969. Waliobaki hai walikuwa 10, yeye akiwamo. Kien, mhusika wake mkuu, anaanza kitabu vita vikiwa vimekwisha: yumo kwenye timu inayozunguka msituni kwa lori kukusanya mabaki ya wenzao. Usiku anatundika machela ndani ya lori, anajinyoosha, na chini yake mifupa imepangwa ndani ya maturubai. Analala hapo kwa sababu mvua inanyesha nje, basi.

Nakuonya: hadithi hii haiendi moja kwa moja. Inarudi nyuma, inaruka, inakatika. Mwanzoni nilidhani nakala yangu imepangwa kurasa vibaya. Vumilia kurasa 40 za mwanzo, utaona kwamba kumbukumbu ya Kien ndiyo iliyovunjika na kitabu kinaifuata. Kama unataka mpango wa mashambulizi na nani kashinda, nenda namba 5.

3. The Things They Carried, Tim O'Brien

Kisome mara tu baada ya Bao Ninh. Vita ni vile vile, msitu ule ule, upande wa pili. Kilitoka 1990. Hadithi ya kwanza ni karibu mizani tupu: kila askari kabeba nini na kina uzito gani. Bunduki ya rashasha ya M-60 ina ratili 23 kabla hujaitia risasi. Kopo, soksi za akiba, Biblia, picha ya msichana, vyote vinawekewa ratili, mpaka unapofika kwenye hofu na huoni namba, lakini mgongo wako tayari unauma.

Msimulizi anaitwa Tim O'Brien, kama mwandishi, halafu anakwambia waziwazi kwamba baadhi ya mambo kayatunga. Wapo wanaokereka na mchezo huo. Mimi haunikeri.

4. Afterlives, Abdulrazak Gurnah

Lugha yetu ina mazoea ya zamani na vita. Utenzi wa Tambuka una muswada wa mwaka 1728, na Hemedi bin Abdallah el Buhry alituachia utenzi wa Wadachi kuitamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuiteka pwani. Lakini utenzi hupanda farasi na kushika upanga. Huoni nani anatandika kitanda cha ofisa. Gurnah, aliyepata Nobeli mwaka 2021, anakuonyesha. Hamza anajiandikisha mwenyewe katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, anafanywa mtumishi wa ofisa, na ofisa yule anamfundisha Kijerumani huku sajini wa Kizungu akiwatazama kwa chuki. Vita vyenyewe vilianza 1914, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, hakusalimisha silaha mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika riwaya mapigano hayachukui kurasa nyingi kama anayetaka milio ya mizinga angependa. Nusu ya pili ni mtu anayechechemea akijifunza tena kuishi, ndiyo maana nimekiweka namba 4 na si 2. Kama ni kwa ajili ya mtu asiyependa vita kabisa, basi hiki kipandishe hadi namba 1.

Ukiweza, tangulia na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, iliyotoka 2022. Inakuacha mlangoni pa vita vile vile, na unaingia Afterlives ukiwa unaijua hewa ya mahali.

5. The Killer Angels, Michael Shaara

Kwa wapenda ramani. Ni mapigano ya Gettysburg, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, Kaskazini na Kusini ya Marekani zikipigana zenyewe kwa zenyewe, yakisimuliwa kutoka vichwani mwa makamanda wa pande zote mbili. Kilipata Pulitzer mwaka 1975. Kuna kisa maarufu kwamba wanajeshi wa Kusini waliingia mji ule wakitafuta viatu. Wanahistoria wanabishana, lakini unaelewa kwa nini nilikipenda kabla hata sijakifungua. Sehemu ya kurudia ni ya Chamberlain, mwalimu wa chuo aliyegeuka kanali, akiwa mwisho kabisa wa mstari kilimani Little Round Top. Risasi zinakwisha, adui anapanda tena, na kurudi nyuma hakuna. Anaamuru singe zifungwe, watelemke.

Hiki usikinunue kwa ajili ya simu. Kina ramani, na kwenye kioo kidogo zinageuka alama za chungu: ukiikuza moja, jina la kilima linakimbia upande, ukirudi hukumbuki kikosi gani kilikuwa wapi. Karatasi tu.

6. Life and Fate, Vasily Grossman

Kwa ukubwa wa kazi, hiki kinawashinda wote waliotangulia. Kipo chini kwa sababu ukianza nacho utakiacha ukurasa wa 90 na kukilaumu bure. Grossman aliyaandika mapigano ya Stalingrad ya Vita Kuu ya Pili akiwa pale pale, kwa ajili ya gazeti la jeshi. Mwaka 1961 KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, walikwenda kwake kukikamata kitabu, wakabeba miswada na mpaka riboni za taipureta. Alifariki 1964 bila kukiona kimechapwa. Kilitoka Uswisi mwaka 1980, kutoka kwenye filamu ndogo zilizovushwa kwa siri.

Nunua tafsiri ya Robert Chandler, yenye orodha ya wahusika nyuma. Tia alama pale kwenye orodha, maana Mrusi mmoja ana majina matatu na utakuwa ukirudi huko kila baada ya kurasa chache. Sehemu iliyotangulia, Stalingrad, imepatikana kwa Kiingereza tangu 2019. Si lazima uianze, lakini aliyeisoma kwanza anaingia humu akiwajua watu kwa sura.

7. War and Peace, Leo Tolstoy

Nakala yangu ya kwanza niliimaliza kwa wiki mbili nikajiona bingwa. Kuja kuuliza, kumbe lilikuwa toleo lililofupishwa, na aliyeniuzia hakusema neno. Niliyemkosa humo alikuwa Kapteni Tushin, mpiga mizinga mdogo, mchafu, anayeingia kitabuni akiwa na soksi tu kwa sababu viatu kavipeleka vikaushwe. Ofisa wa makao makuu anamgombeza mbele za watu. Kurasa kadhaa baadaye, huko Schöngrabern, Warusi wakipigana na jeshi la Napoleon, mizinga minne ya mtu huyu ndiyo inayoliokoa jeshi. Basi kabla ya kulipa angalia unene: nakala kamili ya saizi ya kawaida hupita kurasa 1,000.

Swali la pili ni Kifaransa. Wakubwa wa Urusi wa wakati ule walikizungumza, na Tolstoy akakiandika hivyo hivyo. Pevear na Volokhonsky (2007) wamekiacha na kuweka maana chini ya ukurasa. Anthony Briggs (2005) amekigeuza chote. Kwa msomaji wa mara ya kwanza nasema Briggs, bila aibu. Na kama unene unakutisha, Hadji Murat ya Tolstoy huyo huyo, vita vya Kaukazi, inasomeka kwa siku mbili na haina ukurasa wa ziada.

Wapenda mifululizo wana pepo yao. Patrick O'Brian ana riwaya 20 kamili za manowari za matanga, kuanzia Master and Commander ya 1969, na hizo zifuate kwa mpangilio. Sharpe wa Bernard Cornwell, askari wa Kiingereza wa enzi za Napoleon, ana ubishi: aanze Sharpe's Eagle, iliyotoka kwanza mwaka 1981, au Sharpe's Tiger, iliyoandikwa baadaye lakini ikielezea 1799? Anza na Eagle. Cornwell alikuwa bado ana njaa.

Red Storm Rising ya Tom Clancy (1986) nimeisoma mara mbili na sijutii, nyambizi zake zinakimbiza moyo, lakini nikiulizwa mabaharia wake walivaa nini miguuni sikumbuki.

Kuhusu mitumba: hofu ya kurasa zenye madoa iache, angalia kurasa za ramani. Nakala yangu ya Shaara ilikuja bila ramani ya Little Round Top, mwenye nayo wa kwanza aliichana kwa uangalifu kabisa, kwa rula. Nilimlaani wiki nzima. Baadaye nikaichora mwenyewe kwa penseli kutoka kwenye nakala ya rafiki, mishale na vyote, nikaibandika mahali pake, na sasa kikosi cha Chamberlain kimekaa kidogo kulia kuliko inavyotakiwa.