Rangi ya kuta kwa jiko la makabati ya mninga: tathmini ya huduma ya kuchanganyiwa rangi dukani

Makabati ya jiko langu ni ya mninga, kazi ya seremala mmoja wa Keko, na kwa miaka yote niliyokaa nayo sijawahi kuyachoka. Nilichokichoka ni giza. Dirisha ni moja tu, linatazama kusini, lina nondo na wavu wa mbu, na hatua chache kutoka hapo umesimama ukuta wa jirani wa matofali ya saruji yasiyopigwa lipu. Ilifika mahali nikawa nawasha taa saa nne asubuhi ili nichambue mchele.

Katika kutafuta dawa ya giza hilo nimetumia huduma ya kuchanganyiwa rangi katika maduka mawili hapa Dar es Salaam. La kwanza liliniharibia kazi, la pili likanitengenezea, na baada ya kulifikiria sana jambo hili naona kwamba tofauti haikutokana na bei wala ubora wa rangi, kwa kuwa yote mawili yanauza rangi nzuri na yana mashine za kuchanganyia zinazofanana. Tofauti ilikuwa swali moja ambalo muuzaji wa pili aliniuliza, na wa kwanza hakuniuliza.

Katika duka la kwanza nilionyesha picha kwenye simu, nikaeleza kwamba jiko ni la giza, nikashauriwa nichukue nyeupe pe, kwa hoja kwamba hakuna rangi inayong'aa kuizidi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa ukuta uliosimama peke yake. Fundi alipomaliza mkono wa pili, kuta zilikuwa nyeupe kweli, lakini weupe wenyewe ulikuwa na ubaridi wa samawati kama wa wodi, na makabati, ambayo hakuna aliyeyagusa, yakaonekana meusi zaidi kuliko siku iliyotangulia. Nilidhani nimepewa rangi yenye kasoro. Sivyo. Mninga huwa na rangi kuanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia nyekundu, yenye michirizi myeusi, na vanishi ya mafuta iliyo juu yake huzidi kuwa ya manjano kadiri miaka inavyopita, hivyo makabati ya zamani huelekea rangi ya chungwa. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake upande wa pili: chungwa huusukuma weupe kuelekea samawati, na weupe mkali huifanya mbao ionekane nyeusi. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu, naye akagundua kwamba dawa ya kutia rangi haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Aliyachapisha maelezo yake mwaka 1839, na jambo lile lile ndilo lililotokea jikoni kwangu.

Duka la pili ni dogo, na muuzaji wake ni kijana mpole asiye na haraka. Nilipomwonyesha picha, hakuiangalia kwa muda mrefu.

"Mama, kabati lenyewe liko wapi?"

Nikamwambia liko nyumbani.

"Simu inadanganya. Niletee mlango."

Kesho yake nilishika bisibisi, nikafungua bawaba mbili za mlango mdogo wa kabati la viungo, nikaufunga kwenye khanga na kupanda nao bajaji. Alipoupokea hakubaki nao ndani chini ya taa za duka, bali aliutoa hadi barazani, akaulaza kwenye kiti mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, akaanza kupitisha kadi za rangi juu yake moja baada ya nyingine, huku akizifunika za jirani kwa kiganja ili nione moja tu kwa wakati. Akanionyesha pia jambo ambalo sikuwahi kulijua: nyuma ya baadhi ya kadi kuna namba ya kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi, ambapo 0 ni nyeusi isiyorudisha kitu na 100 ni nyeupe inayorudisha mwanga wote. Kwa jiko lenye dirisha moja, alisema, tusishuke chini ya 65 kwenye kuta kubwa. Kadi nyingi nilizozipenda kwa macho zikaanguka hapo hapo.

Tulibaki na tatu: krimu ya maziwa yenye manjano kidogo sana, kijivu chepesi, na kijani kilichofifia kama jani la mkaratusi lililokauka. Alinichanganyia kopo la lita moja la kila rangi, akanishauri nisizijaribu ukutani, kwa sababu nyeupe pe iliyokuwa pale ingeendelea kunipotosha. Nilinunua vipande vitatu vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, nikavipaka mikono miwili, nikaviacha hadi siku iliyofuata vikauke vizuri, kisha nikaviegemeza kwenye makabati yenyewe.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe na subira, maana kazi yote iko katika siku hizo mbili tatu za kutazama. Saa moja asubuhi kijivu kiligeuka zambarau. Si kidogo, mwanangu mdogo aliuliza kwa nini nimenunua rangi ya zambarau. Krimu wakati huo ilikuwa tulivu, na mlango wa mninga ulioegemewa ulionekana mwepesi, michirizi yake ikasomeka. Saa saba mchana kijani kikanishangaza, kwani kando yake wekundu wa mninga uliamka kabisa, kama mbao iliyotoka kupigwa randa, jambo ambalo nalo lina sababu, kwa kuwa kijani ndicho kinachokabiliana na nyekundu. Saa mbili usiku, chini ya taa zangu, mambo yakavurugika: krimu ikaelekea ukijani wa ugonjwa na mbao ikafa rangi. Nilirudi dukani kulalamika, na yule kijana akauliza tu taa zangu ni za namba gani. Zilikuwa za LED za kelvini 6500, zile za mwanga mweupe wa kibuluu. Nilizibadilisha, nikaweka za 4000, na usiku huo huo krimu ikarudi kuwa krimu. Tungeweza kushuka hadi 3000, lakini mwanga huo ungeongeza manjano juu ya manjano ya vanishi. Kama ningepaka ukuta mzima kabla ya kulijua hili, ningelaumu rangi kwa kosa la balbu.

Neno kuhusu upande wa dirisha, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako inasemwa kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kusini kuanzia mwezi Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi tu, tena likiwa karibu na utosi. Miezi mingine yote huwa kaskazini, na dirisha kama langu hupata mwanga wa anga peke yake, ambao ni wa baridi. Rangi yenye joto kidogo ndani yake hutengeneza upungufu huo. Mwenye dirisha la kaskazini au la magharibi huenda akaweza kutumia kijani kile kwenye kuta zote, mimi singeweza.

Uamuzi wangu ukawa krimu kwenye kuta tatu, pamoja na ule wa dirisha, ambao watu huusahau ingawa ndio wenye giza kuliko zote kwa kuwa umeupa mwanga mgongo. Kijani kikapewa ukuta mmoja mfupi wa mlangoni usio na kabati. Njano ya embe, ambayo ndugu wengi waliipigia debe, niliikataa: kando ya mninga inageuza jiko zima kuwa rangi moja ya chungwa, na huoni tena kabati linaanzia wapi. Nilikataa pia shauri la kuyapaka makabati yenyewe nyeupe. Rangi ya mafuta ikishaingia kwenye vinyweleo vya mninga haitoki kirahisi, na mbao ile ni mali.

Kuhusu aina ya rangi, muuzaji alinipa rangi ya maji yenye mng'ao wa hariri, inayovumilia kufutwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, na kwa nyumba inayokaanga samaki kila wiki sioni chaguo jingine. Dari yangu ilikuwa na rangi ya mafuta nyeupe ya zamani, iliyogeuka manjano kama rangi hizo zinavyofanya mahali pasipo na mwanga wa kutosha. Fundi aliipiga msasa, akaweka rangi ya chini, kisha nyeupe ya maji isiyo na mng'ao. Hapo nyeupe ilikuwa mahali pake, mbali na mbao.

Jambo jingine lililonifanya nimwamini muuzaji huyu ni hesabu. Fundi alikuwa ameandika ndoo ya lita 20. Kijana akachukua karatasi: jiko la mita 3 kwa 3.6, kimo mita 2.8, kuta zote ni karibu mita za mraba 37. Ukitoa makabati, vigae, mlango na dirisha zinabaki kama 18, na kati ya hizo 4 ni za kijani. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Krimu ya mita 14 kwa mikono miwili haifiki lita 3. Akaniuzia galoni moja ya lita 4, na kijani akasema lile kopo la majaribio linatosha. Lilitosha.

Kasoro zipo. Duka halina vikopo vidogo vya majaribio, hivyo ni lazima ununue lita nzima, na lita moja ukiipigia hesabu ni ghali kuliko lita iliyo ndani ya galoni. Kopo langu la kijivu limebaki stoo na sina la kulifanyia. Siku ya kuchanganya galoni umeme ulikatika nikasubiri zaidi ya saa mbili. Na galoni ile, nilipoilinganisha na krimu ya majaribio iliyochanganywa wiki iliyotangulia, ilitofautiana nayo kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukiona mpaka uviweke vidole viwili vyenye rangi pamoja. Fundi alilimaliza hilo kwa kumimina makopo yote mawili kwenye ndoo moja na kuyakoroga kabla ya kuanza. Ningependa duka lenyewe limwambie hivyo kila mteja.

Kwa yote hayo nitarudi, na nimeshawapeleka majirani wawili, kila mmoja na kipande chake cha mbao, mmoja wa mkongo na mwingine wa mtiki, nao wametoka na rangi tofauti kabisa na zangu. Mchele sasa nauchambulia kaunta bila taa, hata siku za mawingu.

Kila kopo lililotoka kwenye mashine lilibandikwa kifuniko chenye karatasi ya mchanganyiko: namba ya rangi, aina ya rangi ya msingi, na vipimo vya kila kitia rangi. Karatasi hizo hufifia zikikaa stoo. Za kwangu nimezinakili kwa penseli upande wa ndani wa mlango ule mdogo wa kabati la viungo, kabla sijaurudisha kwenye bawaba zake.